Fundi Aliyeambiwa Asipungue Tena

Siku nesi alipomwambia kwamba kazi imekwisha, fundi alishuka kwenye mzani kama mtu aliyeachishwa kazi.

"Sabini na moja na nusu," nesi alisema, akaandika kwenye kadi. "Hapa ndipo tulipopataka. Sasa usipungue tena."

"Nisipungue tena kivipi?"

"Ubaki. Kati ya sabini na sabini na tatu. Ukiwa humo ndani uko salama. Ongeza chakula kidogo, cha mchana hasa, endelea kutembea, tuonane baada ya miezi mitatu."

Fundi alitazama kadi, kisha mzani, kisha nesi, akitafuta ni nani kati ya hao watatu atakayecheka kwanza. Hakuna aliyecheka.

Alikuwa na miaka arobaini na minane na alishona sare: za shule, za walinzi, za wahudumu, za yeyote ambaye mwajiri wake aliamua afanane na wenzake. Miezi kumi na minne nyuma aliingia katika chumba hiki akiwa na kilo mia moja na mbili, goti la kulia lililovimba, na onyo la daktari kwamba goti likiendelea kubeba mzigo ule, atafute kazi isiyo na pedali. Cherehani yake ilikuwa ya pedali. Aliwahi kujaribu ya umeme kwa wiki moja akairudisha kwa mwenyewe, kwa maelezo kwamba ilikuwa inashona kabla yeye hajaamua. Kwa hiyo goti lile ndilo lililokuwa likilisha nyumba, na kila baada ya wiki mbili alikuja kulitetea hapa juu ya mzani. Namba ikishuka, nesi aligonga meza mara mbili kwa kalamu. Zilikuwa ndizo pongezi zake zote, wala hakuzigawa ovyo. Fundi aliishi kwa ajili ya ile milio miwili ya kalamu kwa miezi kumi na minne.

Sasa miezi mitatu bila kugongewa.

Watu wengine wangefurahi. Yeye alitembea kurudi kazini akihesabu hatua. Maishani mwake alijua njia mbili tu, kupungua na kunenepa, na zote alizijua kama mtu anavyojua njia ya chooni gizani. Kubaki mahali pamoja hakuwahi kujaribu. Mara ya kwanza alipunguza kilo kumi na mbili, zikarudi kumi na tano. Mara ya pili alipunguza kumi na tisa, zikarudi zote na jamaa zao sita. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mara zote mbili hakuziona zikirudi. Ziliingia kama wageni wa kijijini, moja moja, kimya, kila moja na kifurushi chake, mpaka siku unaamka huna pa kukaa nyumbani kwako.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha kusimama, pazia la kujaribia nguo, na wifi yake. Wifi, mdogo wa mume wake, alitia vifungo, alipiga pasi, na alisema kila lililomjia kichwani.

"Kwa hiyo umehitimu," Wifi alisema aliposikia habari.

"Nimeachwa njiani."

"Watu hulia wakifeli. Wewe unalia umefaulu. Sijui kaka yangu alioa kitu gani."

"Miezi mitatu, wifi. Miezi mitatu hakuna wa kunitazama."

"Mimi nakutazama kila siku, na sijawahi kushukuriwa."

Mzani hakuwa nao nyumbani. Nesi alimkataza tangu mwanzo, baada ya kusikia kwamba safari ya pili fundi alikuwa akijipima mara tisa kwa siku, ikiwemo kabla na baada ya glasi ya maji ili ajue maji yana uzito gani. Lakini nesi hakufikiria kumkataza fundi cherehani kuwa na tepu, na tepu ilikuwa shingoni mwa fundi kutwa nzima kama hirizi. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, aliizungusha kiunoni. Themanini na nne. Alianza kula chakula cha mchana kama alivyoagizwa: mkate vipande viwili, maharage, nusu parachichi. Kila kipande alikitafuna kama mtu anayesaini mkataba asiousoma. Kesho yake themanini na nne. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, themanini na nne. Alianza, kwa tahadhari, kulala usingizi.

Tepu yenyewe ilikuwa ya kitambaa kilichopakwa nta, ya zamani, rangi yake imekuwa ya chai ya maziwa. Namba za mwanzo, moja hadi kumi, zilikuwa zimefutika kwa vidole, lakini fundi alizijua ziliko. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapima watu kwayo na kukata vitambaa kwayo, na nguo zake zilikaa mwilini mwa watu kama zilizaliwa nao.

Jumatatu ya wiki ya nne walikuja walimu tisa wa chekechea, wote wanawake, wakiongozwa na mwalimu mkuu wao, kupimwa sketi na koti za sare mpya. Fundi aliwapima mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari la vipimo. Jumatano Wifi aliweka pasi ya moto juu ya koti la mlinzi bila kuona kwamba chini ya koti kulikuwa na tepu. Harufu ndiyo iliyowaambia. Tepu ilikuwa imekatika vipande viwili penye sitini na kitu, nta imeyeyuka na kushikamana na meza.

"Pole," Wifi alisema. "Ilikuwa mzee mwenzetu."

Walinunua nyingine siku hiyohiyo: nyeupe, ngumu, namba nyeusi upande mmoja na nyekundu upande mwingine, inanuka kama kiatu kipya.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, fundi aliizungusha kiunoni.

Themanini na sita na nusu.

Akaitoa, akainyoosha, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akaizungusha tena. Themanini na sita na nusu. Akavua sweta. Akavua blauzi. Akasimama na sidiria mbele ya kioo saa moja kasoro asubuhi, akajipima mara ya tatu, akijiona usoni, na uso aliouona haukuwa na damu. Zimerudi, alijisemea. Hazikubisha hodi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, macho makavu, na zimenipita zikaingia.

Hapo akili yake ikafanya kile ambacho akili ya mtu mwenye hofu hufanya kwa ustadi mkubwa, yaani ikatafuta wa kumlaumu, ikalipata lile nusu parachichi. Mara ishirini na moja. Maparachichi kumi na moja kasoro nusu, mwanamke mzima na akili zake, eti kwa sababu nesi kasema.

Siku hiyohiyo alikata vitambaa vya walimu tisa. Mkono ulikata, kichwa hakikuwepo. Kichwa kilikuwa kinapanga vita.

Chakula cha mchana kilikwenda cha kwanza. Cha asubuhi kikafuata. Cha jioni hakikuweza kuondoka kwa sababu cha jioni kililiwa mbele ya mume wake, mpanga barua wa posta, mtu wa maneno machache ambaye kazi yake ilimzoesha kuona haraka kitu kilichowekwa pasipo pake. Fundi alisambaza wali kwenye sahani mpaka ukafanana na wali mwingi.

"Hicho unakula au unakipamba?" mume aliuliza siku ya tatu.

"Nimekula sana mchana."

Mume alitazama sahani, akamtazama yeye, akapeleka jambo hilo kwenye kisanduku chake kichwani.

Kila asubuhi tepu. Ijumaa themanini na sita na nusu. Jumapili themanini na sita. Jumatano themanini na tano na nusu, na usiku wake aliota anasukuma mlango uliokuwa unasukumwa kutoka upande wa pili na watu anaowajua. Alikuwa hali kitu na bado hakuwa amefika themanini na nne, mahali ambapo wiki mbili nyuma alikuwa anafika akiwa ameshiba maharage. Hilo ndilo lililomgandisha damu. Ina maana mwili umejifunza, aliwaza. Ina maana sasa unaweza kunenepa kwa hewa.

Kutia uzi sindanoni kukawa kazi. Uzi ulikwenda kushoto kwa tundu, ukaenda kulia kwa tundu, ukapita kila mahali isipokuwa tunduni. Wifi alimtilia mara ya kwanza bila neno. Mara ya pili alitia akamtazama. Mara ya tatu alisema, "Mikono yako inacheza muziki gani?"

"Baridi."

Ilikuwa siku ya jua kali. Wifi alikuwa anajipepea kwa kipande cha kadibodi.

Ijumaa, siku moja kabla ya walimu kuja kujaribu, fundi alikuwa anamalizia zipu ya mwisho. Mguu ukakanyaga pedali, mkono wa kushoto ukachelewa kuondoka, na sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Hakupiga kelele. Alikaa akikitazama kidole chake kilichoshonwa kwenye sketi ya mwalimu, miaka ishirini na saba ya kazi, jambo ambalo huwapata wanafunzi wiki ya kwanza, na kilichomjia kwanza hakikuwa maumivu. Ilikuwa ni aibu, na nyuma ya aibu, hofu pana kuliko zote, kwamba sasa mikono nayo inaondoka.

Wifi alikuja. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, mpaka sindano ikapanda na kuachia. Akafunga kidole kwa kitambaa. Akavuta kigoda, akakaa goti kwa goti.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na maji yake."

"Jana?"

Fundi alitazama sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi. "Zimerudi, wifi."

"Nani?"

"Kilo. Sentimita mbili na nusu, usiku mmoja."

"Mtu hatanuki sentimita mbili na nusu usiku mmoja labda awe amemeza mtu. Umemeza nani? Kaka yangu nilimwona asubuhi."

"Unacheka. Mimi nimeziona kwa macho yangu. Mara mbili zilinirudia nikiwa nimelala, mara hii nilikuwa macho, na bado zimerudi. Zikifika zote goti linakwenda. Goti likienda hapa tunafunga." Akaliminya goti la kulia. "Siwezi kuanza tena. Sina nguvu ya kuanza mara ya nne."

Wifi alikaza tena kitambaa cha kidole. Kisha alisema, "Kesho walimu wakishaondoka tunakwenda kwa nesi."

"Bado miezi miwili."

"Nesi hajahama."

Jumamosi walimu walifika wote tisa kwa pamoja, wakiongea kwa zile sauti za watu waliozoea kuongea na watoto wa miaka minne na kusahau kuzibadilisha. Mwalimu mkuu, mama mwenye umbo kubwa na heshima ya kutosha umbo hilo, aliingia nyuma ya pazia kwanza. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, koti lilikuwa limegoma kifungo cha katikati, na sketi ilikuwa na uwazi wa vidole viwili juu ya zipu.

Walimu wakatazamana.

"Nani anafuata?" mwalimu mkuu aliuliza kwa utulivu, kama kwamba uwazi ule ulikuwa sehemu ya mshono.

Wa pili zipu ilifika nusu. Wa tatu aliifunga kwa kuvuta pumzi na kuinuka kwa ncha za vidole, kisha akashindwa kujibu alipoulizwa anajionaje. Wa nne hakutoka mpaka alipokuwa amevaa tena nguo zake. Alisema kutoka ndani kwamba amesahau kitu nyumbani.

Fundi alisimama na pini mdomoni. Miaka ishirini na saba alikuwa amezoea mteja anayekosewa nguo: hupandisha sauti, hutaja fundi mwingine, hutaka kitambaa chake. Alijiandaa kwa hayo. Lakini hakuna aliyemtazama yeye. Kila mmoja alikuwa anatazama tumbo lake mwenyewe.

"Mimi nilijua," alisema mmoja, taratibu. "Toka tulipoanza kugawa uji shuleni nilijua."

"Si uji. Ni kukaa. Tunakaa sana kwenye vile viti vidogo."

"Siku kumi na mbili tu jamani."

"Mwili hauna likizo, mwenzangu."

Mwalimu mkuu alisafisha koo. "Fundi, tusikusumbue. Wewe umeshona vizuri. Tupe wiki mbili, usibadilishe kitu. Tutaingia."

"Mtaingia?"

"Tutajinyima. Chai ya saa nne tunaifuta kuanzia Jumatatu, shule nzima." Kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu fundi amfahamu, akaonekana mdogo. "Na wewe ambaye umeweza, tuambie ulifanyaje. Tumekuona jinsi ulivyokwisha. Tuambie unakula nini."

Nyuso zote zilimgeukia. Fundi aliutambua ule uso. Alikuwa ameuona kwenye kioo kilekile, siku tisa mfululizo, saa moja kasoro asubuhi.

Hapo ndipo pazia liliposogea na akatoka mwalimu wa mwisho, aliyeitwa Njiti na walimu, na wazazi, na inasemekana na mume wake. Njiti alikuwa mwembamba kiasi kwamba nguo zote za dukani alizivaa kwa pini. Alikuwa ameshika sketi kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Hata mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Haifungi hata mimi." Aliwatazama wenzake. "Nitaacha chai. Nitaacha na mkate."

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja. Inawezekana wanawake wanane wakaongezeka siku kumi na mbili, kwa uji au kwa viti. Njiti hakuwa na pa kuongezekea. Kitu fulani kilianza kutembea kichwani mwa fundi, polepole, kwa sababu kichwa chenyewe hakikuwa kimekula.

Akaenda kwenye daftari. Njiti, kiuno: sitini na moja. Akachukua tepu nyeupe akamzungushia. Sitini na tatu, kasoro uzi mmoja. Akamwita mwalimu mkuu. Daftari lilisema tisini na nane. Tepu ikasema mia moja na moja. Akawapima wote tisa upya, akibana tepu kwa kidole kilichofungwa, na kila mmoja alikuwa ameongezeka, mdogo kwa kidogo, mkubwa kwa kikubwa, wote kwa kiasi kilekile cha umbo lake. Walimu tisa hawawezi kunenepa kwa nidhamu namna hiyo.

Tepu ya kitambaa hurefuka. Huvutwa kila siku kwa miaka, na kila mwaka inakwenda uzi mmoja, mpaka sentimita yake inakuwa kubwa kuliko sentimita ya watu wengine. Jambo hilo fundi aliwafundisha wanafunzi wake wote, wiki ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha pedali. Kwa miaka kumi na tisa kosa halikuonekana kwa sababu tepu iliyompima mtu ndiyo iliyokata kitambaa, uongo mmoja pande zote mbili, na nguo zikakaa sawa. Safari hii alipima kwa ya zamani akakata kwa mpya. Mwanafunzi angefanya hivyo angemtuma kufagia.

Kulikuwa na muda mfupi ambapo angeweza kunyamaza. Wateja tisa walikuwa wamemsamehe mapema. Angeongeza nafasi kimyakimya baada ya wiki mbili, wangesema wamepungua, wangemshukuru. Alimtazama Njiti akiwa bado ameshika sketi kwa nyuma.

"Hakuna aliyenenepa hapa," alisema. "Ni mimi. Nimekosea." Akawaeleza, pasi, tepu, daftari, kila kitu. Ilichukua muda kwa sababu hawakutaka kuamini. Mtu akishajihukumu huwa hapendi kesi ifunguliwe upya.

Mwalimu mkuu alifikiri. "Kwa hiyo mimi kiuno changu ni mia moja na moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Siku zote."

"Siku zote."

"Basi ungeniacha na makosa yako," alisema mwalimu mkuu, na wenzake wakacheka, cheko la watu walioshushwa kwenye kitu kirefu. Fundi alikuwa ameacha kitambaa cha ziada ndani ya kila mshono, kama fundi yeyote mwenye akili, kwa hiyo kazi ingekuwa ya siku mbili. Wakaagana kwa Jumanne. Njiti alikuwa wa mwisho kutoka, akauliza mlangoni kama basi chai anaweza kunywa. Fundi akamwambia anywe.

Kisha chumba kikabaki na mawifi wawili.

"Kwa hiyo na wewe," Wifi alisema.

"Na mimi."

"Ulikuwa themanini na sita na nusu tangu mwanzo. Hakuna kilichorudi."

"Hakuna."

"Mbona huchezi?"

Fundi alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ameingoja furaha, akaipa nafasi, haikuja. Kilichokuja kilikuwa kingine. Siku tisa hakukuwa na kitu chochote kinachomfukuza, na alikimbia mpaka akashona kidole chake. Kilo zingekuja kweli, angalau angejua adui yuko wapi. Sasa aliyekuwa amemfungia mlango wa chakula, akamdanganya mume, akamtetemesha mikono, alikuwa yeye mwenyewe, na huyo hakuna mzani wa kumpima.

"Twende kwa nesi," alisema.

Nesi hakushangaa kuwaona. Alimwonyesha mzani kwa kidevu. Fundi alipanda, akafumba macho, na katika giza lile alisubiri kalamu. Kalamu haikugonga.

"Uko nje," nesi alisema.

"Kwa juu?"

"Kwa chini. Sitini na nane na kidogo. Umefanya nini?"

Wifi ndiye aliyesimulia, kwa sababu fundi alikuwa amekaa chini. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kidole, akapima presha, akaandika kwa muda mrefu.

"Sasa sikiliza. Nataka kilo mbili zirudi."

Fundi alimtazama kama aliyeambiwa akamfungulie mwizi. "Zikirudi na wenzao?"

"Huenda zikaja na mmoja. Ndiyo maana nilikupa kilo tatu za kuchezea badala ya namba moja. Leo umekula chumvi, kesho umekunywa maji, keshokutwa choo kimegoma. Namba itapanda na itashuka, na wewe utaendelea kushona. Ikivuka sabini na tatu wiki mbili mfululizo, tunapunguza kidogo, zikiwa mbili, hatungoji ziwe thelathini. Ikishuka chini ya sabini, unakula. Sio adhabu. Ni kazi, ile uliyoianza, nusu yake ya pili."

"Nusu ya kwanza ilikuwa na mwisho."

"Hii haina," nesi alikubali.

"Na hofu? Hiyo inaisha lini?"

"Mimi napima kilo tu, mama." Alisema bila ubaya. Akavuta kalenda. "Kiuno usipime tena. Kila Jumatatu utapita hapa dirishani, utapanda mzani, utashuka, utaandika mwenyewe. Mimi na wewe tutaonana baada ya wiki nane."

"Wiki moja," fundi alisema.

"Nane."

"Mbili."

"Mama, nina wagonjwa. Sita."

"Tatu, na sikusumbui na maswali."

"Nne, na maswali mawili," nesi alisema, akaandika, na fundi akaipokea kadi kwa mikono miwili kama mtu aliyepata punguzo.

Walirudi kazini. Wifi alipitia mahali akatoka na vibakuli viwili vyenye vifuniko: wali, maharage, mboga za majani. Akavipanga kwenye meza ya kukatia, akasukuma kando sketi za walimu, akampa fundi kijiko mkono wa kulia, ule usiofungwa.

"Nakuangalia," alisema. "Kama hutaki kuangaliwa, sema. Lakini bado nitaangalia."

"Angalia tu."

Fundi alifunua kibakuli. Mvuke ulimpiga usoni na mate yakamjaa mdomoni kwa nguvu iliyomtisha. Alichota kijiko cha kwanza akakila, na hofu ilikuwepo, palepale chini ya kifua, imekaa kama mteja asiye na haraka. Akangoja impande kooni. Akala cha pili. Ikawepo. Cha tatu, cha nne, akitafuna taratibu, akiisikilizia kwa makini ya mtu anayesikiliza cherehani ya mgeni. Kwenye kijiko cha saba aligundua kwamba haikuwa inaongezeka. Haikupungua pia, alikuwa mkweli na hakutaka kuipunguzia. Ilikuwa ileile ya kijiko cha kwanza.

"Vipi?" Wifi aliuliza.

"Naogopa."

"Bado maharage," Wifi alisema, na fundi akachota maharage.